Zao Lisilo na Bodi: Historia ya Pilipili katika Ardhi ya Songwe

Historia ya kahawa ya Mbozi haina taabu kuifuatilia. Kuna vyama vya msingi na daftari za mizani, kuna minada, kuna Bodi ya Kahawa yenye ofisi na mhuri. Mahindi nayo yana takwimu zake kila msimu, maana Songwe ni miongoni mwa mikoa inayoilisha nchi. Pamba, korosho, tumbaku, chai, mkonge, pareto: kila moja ina bodi yake na sheria yake. Pilipili haina. Hakuna anayeitangazia bei ya msimu, na ukimuuliza mwenye nyumba ni nani aliyeileta kijijini kwao, atakujibu kwamba bibi yake aliikuta.

Na bado, ukitembea kuanzia Mpemba hadi Vwawa, ukateremka Kamsamba au ukapanda Itumba, si rahisi kupita nyumba nyingi bila kuona mche wa pilipili. Umesimama nyuma ya jiko, pembeni mwa bafu la nje ambako maji hayakosekani, au kwenye ndoo iliyopasuka iliyojazwa udongo na samadi. Mazao ya bodi yamepanda na kushuka kwa amri, kwa bei na kwa madeni ya vyama. Pilipili imebaki palepale uani. Anayetaka kuisimulia hana budi kuyaweka majalada kando na kufuata njia: nani alipita hapa, akitokea wapi, na alikuja na mazoea gani ya kula.

Waliofuata pilipili moja wakaleta nyingine

Pilipili kali zote, ziwe nyekundu, za njano, za chungwa au za zambarau, asili yake ni bara la Amerika. Wakulima wa Meksiko na wa Amerika ya Kusini walizitoa porini na kuzichagua kizazi baada ya kizazi, maelfu ya miaka kabla meli ya Ulaya haijatia nanga kwao. Katika Ekuado ya leo, wanaakiolojia wamekuta chembe za wanga wa pilipili kwenye vyombo na mawe ya kusagia ya miaka ipatayo 6,000 iliyopita. Afrika Mashariki ya wakati huo, na hata ya miaka 1,000 iliyopita, haikuijua. Iliyofika pwani yetu kwa majahazi ilikuwa pilipili manga ya India, mmea wa ukoo mwingine kabisa.

Ni hiyo pilipili manga iliyowatoa Wareno na Wahispania majumbani kwao. Christopher Columbus alivuka bahari mwaka 1492 akidhani anaelekea Asia ya viungo. Januari 1493 aliandika kwamba wenyeji wa visiwa alivyovifikia wana pilipili yao, kwamba hakuna anayekula bila hiyo, na kwamba ni bora kuliko ile aliyoizoea. Miaka mitano baadaye, mwaka 1498, Vasco da Gama alipita Msumbiji, Mombasa na Malindi akiisaka pilipili manga ya Malabar. Mwaka 1505 Wareno waliweka ngome Kilwa na Sofala, katika miaka ya 1530 wakajikita Sena na Tete kando ya mto Zambezi, na mwaka 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus, Mombasa. Kwa vituo hivyo, mazao ya Amerika yalipata mahali pa kushukia: mahindi, mihogo, karanga, tumbaku na pilipili kali.

Zilikuja aina tatu ambazo hadi leo zinajaza masoko yetu. Ya kwanza ni pilipili kichaa, vitunda vidogo vilivyochongoka vinavyoangalia juu. Ya pili ni jamii ya pilipili ndefu, ambayo hoho ni ndugu yake asiyewasha. Ya tatu ni pilipili mbuzi, ya duara yenye mikunjo, yenye harufu inayotangulia ukali. Mwaka 1912 mfamasia wa Marekani, Wilbur Scoville, alibuni kipimo cha ukali kwa kuonjesha watu maji ya pilipili yaliyopunguzwa nguvu hadi wasisikie kitu. Kwa kipimo hicho hoho hupata sifuri, pilipili kichaa hufika kati ya 50,000 na 100,000, na jamii ya pilipili mbuzi huanzia 100,000 hadi 350,000. Mama lishe wa mji wa mpakani wa Tunduma hahitaji tarakimu hizo. Anajua kwamba chungu kimoja cha maharage kinataka mbuzi mmoja, mzima, asiyekatwa.

Kufika bara kwa miguu na kwa mabawa

Kutoka pwani hadi nchi iliyo kati ya maziwa Nyasa, Rukwa na Tanganyika kulikuwa na milango miwili. Wa kusini ulianzia Zambezi, ukapanda Shire na kufuata ziwa Nyasa. Wa mashariki ulikuwa wa misafara iliyotoka Kilwa na bandari nyingine, ikipeleka nguo, shanga na bunduki na kurudi na pembe za ndovu na watumwa. Wayao na Wabisa walikuwa mabingwa wa biashara hiyo muda mrefu kabla ya Mzungu yeyote kupita. Katika karne ya 19 njia zote mbili zilikutana karibu na hapa. Karonga, upande wa Malawi ya leo, alikaa mfanyabiashara wa pwani aliyeitwa Mlozi, ambaye watu wake walipigana na kampuni ya Waingereza kati ya 1887 na 1889, na mwenyewe akanyongwa mwaka 1895. Misafara ya watu kama Mlozi ilikuwa na wapishi, wapagazi na wake waliozoea chakula cha pwani. Penye kambi ya kudumu palilimwa bustani, na chakula cha pwani bila pilipili hakijakamilika. Zanzibar yenyewe ilikuja kuwa na pilipili zake maalumu katika soko la London, ndogo na kali, zilizouzwa kwa jina la kisiwa hicho.

Pilipili haikumtegemea mtu peke yake. Kinachowasha ndani yake ni kapsaisini, nayo hukaa zaidi kwenye utando mweupe unaoshikilia mbegu kuliko kwenye mbegu zenyewe. Mwaka 1997 mtafiti wa Marekani, David Julius, pamoja na wenzake walionyesha kwamba kapsaisini hufungua kilekile kipokezi cha neva kinachohisi moto; ndiyo maana mwili huamini unaungua. Kazi hiyo ilimpatia sehemu ya tuzo ya Nobel ya mwaka 2021. Panya, nyani na binadamu wote wana kipokezi kinachoitikia hivyo. Ndege wanacho pia, lakini chao hakiitikii kapsaisini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu pilipili mwitu za Arizona ulionyesha mantiki yake: panya huzikwepa, na akizila huzitafuna mbegu zisiote; ndege humeza tunda zima na kuziangusha mbegu mbali, zikiwa hai.

Mtu wa Momba amekuwa akiyaona hayo bila maabara. Shore na kuzumburu hushinda kwenye mche wa kichaa, na baada ya mvua za kwanza miche mipya huchipuka chini ya ua, chini ya mwembe na kwenye kichuguu, mahali ambapo hakuna aliyepanda. Mpagazi alihitaji kuleta mche mmoja tu. Kazi iliyobaki ilifanywa na wenye mabawa.

Mboga, jivu na mahame

Wanyamwanga wa Tunduma na Momba, sawa na jirani zao Wamambwe na Wabemba, walilima kwa kukata matawi ya miti, kuyarundika, kuyachoma na kupanda ulezi katika jivu. Wanyiha wa Mbozi walikuwa na ulezi na kunde zao, na walisifika pia kwa kuyeyusha chuma. Mashamba ya jivu huchoka, kwa hiyo shamba lilihama, na baada ya miaka nyumba nazo zilihama. Mche wa pilipili kichaa huishi miaka kadhaa ukipata unyevu. Familia ilipoondoka, mche ulibaki kwenye mahame, penye udongo uliorutubishwa na jivu la jiko na samadi ya mbuzi, ukaendelea kuzaa. Waliopita waliuchuma, na waliokuja kujenga upya waliukuta, kama yule bibi.

Thamani yake inaeleweka kwa kuangalia kilichokuwa sahanini. Mwanaanthropolojia Mwingereza Audrey Richards, aliyekaa kwa Wabemba mwanzoni mwa miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1939, alieleza kwa kirefu kwamba kwao mlo unaoridhisha ni ugali wa ulezi pamoja na kitoweo. Kanuni hiyo haijui mpaka. Songwe nayo huifuata. Kuanzia Januari hadi Machi, mvua inanyesha, ghala limepungua, mahindi mapya bado ni mabichi, na kitoweo ni majani ya maboga, mlenda au uyoga. Nyama ni ya siku za sherehe. Hapo pilipili mbili zilizopondwa na chumvi huufanya ugali upite, na mlaji akajiona amekula kitu chenye ladha.

Kulikuwa na faida nyingine ambayo haikuonekana kwa macho. Katika miaka ya 1930 mwanasayansi wa Hungaria, Albert Szent-Györgyi, alitafuta mmea ambao ungempa vitamini C nyingi kwa ajili ya uchunguzi, akaipata kwenye pilipili za mji wa Szeged alikokuwa akifundisha. Mwaka 1937 alipewa tuzo ya Nobel. Pilipili mbichi, gramu kwa gramu, huipita chungwa kwa vitamini hiyo. Katika nchi ya baridi ambayo machungwa hayazai kwa wingi, mche wa uani ulikuwa ukifanya kazi ya mti wa matunda.

Mstari wa mpaka

Mwaka 1879 Joseph Thomson, kijana wa Kiskoti, alipita kati ya ziwa Nyasa na Tanganyika. Muda mfupi baadaye Waskoti wenzake walianza kukata barabara ya kuunganisha maziwa hayo, iliyoitwa kwa jina la tajiri aliyeigharimia, James Stevenson. Barabara hiyo haikukamilika kama ilivyokusudiwa, lakini iliathiri ramani kuliko barabara nyingi zilizokamilika. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilipogawana nchi, zilikubaliana mstari upite kaskazini ya barabara ya Stevenson, ili ibaki kwa Mwingereza. Mwaka 1898 tume ya pamoja ilikuja kupima na kuweka alama ardhini. Wanyamwanga wakajikuta wako dola mbili: Tunduma kwa Mjerumani, Nakonde kwa Mwingereza, na bustani za ndugu wa damu zikatenganishwa na mstari ambao mbuzi wao hawakuutambua.

Wamisionari walikwishafika. Wamoravian walifungua Rungwe mwaka 1891 na Mbozi mwaka 1899; upande wa pili Waskoti wa Livingstonia walijenga Mwenzo katikati ya miaka ya 1890. Kabichi, karoti na miti ya matunda vilisambaa kutoka bustani za misheni, na kahawa iliyokuja kuipa Mbozi jina ilianzia huko na kwenye mashamba ya walowezi. Pilipili haikuhitaji mwalimu.

Kilichoibadilishia pilipili mikono ni kodi. Serikali ya Kijerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na Waingereza waliorithi Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia waliendelea na mtindo huo. Fedha ilipatikana mbali. Dhahabu ya Lupa ilivumbuliwa mwaka 1922 na ikavuta maelfu ya watu katika miaka ya 1930. Mgodi wa Saza, ulio katika wilaya ya Songwe ya sasa, ulikuwa miongoni mwa mikubwa ya Tanganyika. Migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini nayo iliwavuta vijana kupitia Tunduma. Wanaume walipoondoka, shamba kubwa na bustani ya jiko vyote vilibaki kwa wanawake. Tangu hapo kuchagua mbegu ya pilipili, kuianika na kumgawia jirani kumekuwa kazi ya akina mama.

Katikati ya hayo kulikuwa na vita. Kuanzia 1914 hadi 1918 ukanda huu ulitoa wapagazi kwa majeshi ya pande zote mbili, na wengi hawakurudi. Mwanzoni mwa Novemba 1918 Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alipita hapa na askari wake akielekea kusini, akashambulia boma la Waingereza la Fife karibu na mpaka, akafika Kasama, na hatimaye akaweka silaha chini Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba, wiki mbili baada ya vita kwisha Ulaya. Jeshi lenye njaa hunyang'anya ng'ombe, mtama na mahindi. Pilipili halina haja nayo. Waliobaki walianza upya wakiwa na kile ambacho hakikuwa na thamani machoni pa wenye bunduki.

Lami, bomba na reli

Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru Rhodesia ya Kusini, na Zambia, iliyokuwa huru kwa mwaka mmoja tu, ikakosa njia salama ya kupitishia mafuta na shaba. Mlango uliotegemewa ulikuwa Dar es Salaam. Malori ya mafuta yalipita Tunduma usiku na mchana kwenye barabara ya vumbi iliyoua madereva wengi. Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710, lilianza kupeleka mafuta Ndola, na barabara ikawekwa lami hatua kwa hatua. Kisha ikaja reli. Ujenzi wa TAZARA ulizinduliwa Oktoba 1970, reli zikafika Tunduma mwaka 1973, na Julai 1976 njia yote ya kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi ikakabidhiwa rasmi kwa nchi mbili.

Waliojenga reli hiyo walikuwa Watanzania, Wazambia na Wachina kwa makumi ya maelfu. Wachina walikumbukwa kwa kazi ya zamu usiku kucha, na pia kwa bustani: kila kambi ilipokaa muda, matuta ya mboga yalitokea kando ya mahema, yakimwagiliwa kwa makopo. Vijana waliofanya nao kazi waliona kwamba kipande kidogo chenye matuta yaliyopangwa na samadi ya kutosha kinaweza kulisha watu wengi.

Miaka hiyohiyo vijiji vya ujamaa vilihamisha watu. Mwaka 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba hadi mwisho wa 1976 kila mwananchi wa vijijini awe anaishi kijijini. Nyumba zilipangwa kwa mistari, kila kaya na kiwanja chake. Mwembe na mkahawa haibebeki; iliachwa kwenye mahame. Pilipili ilifungwa kwenye pindo la kanga, na msimu uliofuata ilikuwa imeota nyuma ya nyumba mpya.

Uhaba ulipoingia, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, Tunduma iligeuka mlango wa magendo. Sabuni, mafuta ya kupikia, nguo na dawa ya meno vilivuka usiku kutoka Nakonde, na mwaka 1983 kampeni ya Waziri Mkuu Edward Sokoine dhidi ya wahujumu uchumi iliwakuta wengi wakiwa na mzigo. Jikoni, ukosefu wa mafuta uliwarudisha watu kwenye mapishi ya zamani: majani ya maboga au kisamvu kilichopikwa kwa karanga za kutwanga, chumvi, na pilipili moja inayoelea juu. Mwaka 1984 biashara ya kuagiza bidhaa ilipoanza kulegezwa, maduka yalijaa tena. Mboga ya karanga haikuondoka mezani.

Jiko la mpakani

Songwe ilipata kuwa mkoa mwaka 2016, ikimegwa kutoka Mbeya, makao makuu yakiwa Vwawa. Sensa ya 2022 iliikuta na watu zaidi ya 1,300,000, na Halmashauri ya Mji wa Tunduma peke yake zaidi ya 200,000. Tarehe 5 Oktoba 2019 Rais John Magufuli na Rais Edgar Lungu walizindua kituo cha huduma kwa pamoja mpakani, ili lori likaguliwe mara moja badala ya mbili. Foleni bado ipo, na palipo na foleni pana njaa. Dereva wa Lubumbashi anataka samaki wake wa kukaanga na pilipili iliyopondwa na kitunguu swaumu. Mzambia anataka nshima na kapenta. Mtanzania wa pwani anataka wali maharage. Wote wanahudumiwa na wanawake walewale, na kwenye kila meza kuna chupa au bakuli la pilipili.

Usiku, mishikaki na chipsi huenda na chachandu. Inavyotengenezwa haina siri: nyanya zilizoiva zinachemshwa na kumenywa, zinasagwa na pilipili mbuzi mbili au tatu, kitunguu swaumu na chumvi, kisha zinarudishwa motoni hadi maji yakauke na mchuzi uanze kurukaruka. Anayetaka ikae siku nyingi huongeza siki au ndimu. Kwa maharage, njia ni nyingine. Pilipili mbuzi ya njano hutiwa nzima na kikonyo chake chungu kikikaribia kuiva, moto ukiwa mdogo, na mpishi haondoki. Ngozi inapoanza kulegea tunda hutolewa kwa kijiko na kuwekwa kwenye kisahani, lisipasuke. Maharage yanabaki na harufu yote, na ukali unabaki kisahanini kwa atakayeutaka. Mtoto anakula, mgeni anakula, na baba anajikandia ya kwake pembeni ya sahani.

Mei 2020, wakati wa korona, Zambia iliufunga mpaka wa Nakonde kwa muda. Malori yalirundikana na bidhaa za ng'ambo zikapanda bei. Kwa siku hizo mji wenye magari ya nchi nzima ulikula vya uani na vya vijiji vya jirani, na wenye miche ya pilipili nyuma ya jiko hawakununua.

Mche wenyewe

Tunduma iko juu, mita zaidi ya 1,500, na Juni na Julai baridi yake inafahamika. Bonde la Momba kuelekea ziwa Rukwa liko chini, takriban mita 800, na lina joto. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kila kitu. Mbegu ya pilipili iliyowekwa kitaluni Kamsamba inaweza kuchomoza ndani ya wiki moja. Tunduma, kipindi cha baridi, inaweza kuchukua wiki tatu. Wa nyanda za juu huanza kitalu Agosti au Septemba jua likirudi, wakahamisha miche yenye majani manne hadi sita mvua za Novemba zinapoanza. Shimo na shimo hupishana kwa sentimita 45 hadi 60. Samadi iwe imeoza vizuri. Jivu hunyunyizwa kuzunguka shina, kama ulezi ulivyozoezwa. Kitalu kikiloweshwa kupita kiasi kinyausi huilaza miche usiku mmoja, na kiangazi utitiri na vidukari hukunja majani ya juu. Pilipili ndefu huanza kuchumwa miezi miwili hadi mitatu baada ya kuhamishwa. Mbuzi hutaka subira zaidi.

Rangi zinazopamba meza za soko la Tunduma nazo zina maelezo. Tunda changa ni la kijani kwa sababu ya klorofili. Likikomaa, klorofili huvunjika na rangi nyingine hujitokeza: nyekundu ya kapsanthini, au njano na chungwa za karotenoidi nyingine, kulingana na asili ya mbegu. Zambarau ni rangi ya anthosianini, ileile iliyo kwenye bilinganya. Hoho ya kijani, kwa maneno mengine, ni hoho iliyochumwa kabla ya wakati. Na mbegu ya kutunza haitoki kwenye tunda la kijani. Hutoka kwenye lile lililoachwa hadi likaiva kabisa kwenye mche wenye afya, likakaushwa kivulini na kuhifadhiwa na jivu kwenye kichupa kikavu.

Akina mama wengi huonya kwamba hoho ikipandwa karibu na pilipili kali itawasha. Onyo lina ukweli, ila ukweli wenyewe unachelewa. Nyuki anaweza kuhamisha chavua kutoka pilipili ndefu kwenda hoho, lakini tunda la mwaka huu hubaki na ladha ya mama yake. Mbegu zilizo ndani ndizo zilizochanganyika, na msimu ujao hoho zake zinaweza kuwasha.

Hapo ndipo historia ya zamani inapokutana na ya sasa. Kwenye maduka ya pembejeo ya Vwawa na Tunduma, hoho za rangi huja kwenye pakiti za mbegu chotara, zenye mavuno makubwa na bei kubwa. Mbegu za tunda lake hazirudii sura ya mzazi. Anayezitaka tena hununua tena. Hakuna ubaya kwa mkulima anayelenga soko la Dar es Salaam, na wapo wanaofanya hivyo kwa faida. Ubaya uko pale ambapo mtu anang'oa kichaa na mbuzi wa zamani ili kupata nafasi ya chotara kwenye kiwanja chote. Aina hizo zilizoeshwa baridi ya Tunduma na joto la Momba kwa kuchaguliwa na mikono ya wanawake vizazi kadhaa, na hazimo kwenye katalogi ya kampuni yoyote.

Bodi haitakuja kuzilinda, na pengine heri isije. Kilichoilinda pilipili ya Songwe hadi leo ni utaratibu mdogo ambao kila nyumba inaumudu: kuacha matunda mawili ya mche bora yaive hadi mwisho, na kumpa jirani nusu ya mbegu. Mwenye nusu nyingine akipoteza zake, anajua mlango wa kubisha.